Paa la Majani Hai na Maji ya Bondeni

Katika mazungumzo yetu ya leo tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kuonekana kuwa ni la wachoraji wa majumba peke yao, lakini ambalo kwa hakika linawahusu pia askari wa jeshi na askari wa polisi. Jambo lenyewe ni mapaa yaliyooteshwa majani katika majengo ya mijini, na hasa katika jiji letu la Kigali.

Hapana shaka wako baadhi yenu watakaoshangaa. Watauliza: Je, si taifa hili hili lililofanya kampeni ya kuondoa nyumba za nyakatsi, yaani nyumba zilizoezekwa kwa nyasi? Ni kweli. Kampeni hiyo ilikamilishwa mwaka 2011, na askari wa jeshi na wa polisi walishiriki bega kwa bega na wananchi katika kuwajengea wanyonge nyumba zenye mabati. Mtu aliyepanda juu ya kibanda kung'oa nyasi zilizooza ana haki ya kuelezwa kwa nini leo anaambiwa habari njema za majani juu ya nyumba.

Maelezo ni haya. Nyakatsi ilikuwa ni nyasi zilizokufa. Zilivuja, zilioza, zilifuga wadudu, na cheche moja ya moto ilitosha kumwacha mwenye nyumba bila makao. Paa tunalolizungumzia leo ni kitu kingine kabisa. Ni paa la zege lililo bapa, au lenye mteremko mdogo, ambalo juu yake hutandazwa kwanza utando usiopitisha maji. Kisha utando wa kuzuia mizizi isitoboe. Kisha tabaka la kokoto la kupitishia maji. Kisha kitambaa cha kuchuja. Na mwisho udongo mwepesi uliopandwa mimea iliyo hai. Nyumba yenyewe hubaki kavu. Kinacholowa ni bustani iliyo juu yake.

Sasa tujiulize: Kigali ina haja gani na bustani za namna hiyo? Jibu liko katika umbo la jiji lenyewe. Kituo kidogo alichokianzisha Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907 kilikuwa juu ya kilima cha Nyarugenge. Mwaka 1962, nchi ilipopata uhuru, Kigali ikawa makao makuu ya taifa. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba jiji lina watu zaidi ya milioni 1.7. Vilima vilivyokuwa mashamba na vichaka vimefunikwa na mabati, vigae, zege na lami. Mvua haikupunguza kunyesha kwa sababu sisi tumejenga. Inanyesha pale pale ilipokuwa ikinyesha, ila haipati tena ardhi ya kuinywa.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Chukueni jengo moja lenye paa la mita za mraba 500. Mvua ya milimita 40, ambayo si ajabu katika msimu wa masika, itamwaga juu ya paa hilo lita 20,000, yaani tani 20 za maji. Majengo 100 ya namna hiyo yatamwaga lita milioni 2. Kama mapaa hayo ni ya mabati au zege tupu, maji karibu yote yatashuka kwa mara moja kuelekea kwenye mitaro, ile ambayo wakazi wa Kigali huiita ruhurura, na kutoka huko yataporomoka mpaka bondeni.

Na bondeni wapo watu. Askari polisi aliyewahi kuongoza magari Nyabugogo wakati wa mvua kubwa hahitaji kuelezwa habari hii. Amekwisha kuona barabara ikigeuka mto na abiria wakikwama. Askari wa kikosi cha zimamoto na uokoaji amekwisha kuitwa. Maji yanayomfuata mkazi wa bondeni hayakuanza kwake. Yalianza juu ya paa la jumba la kilimani, ambalo mwenyewe amelala salama. Hapo ndipo penye suala la haki. Si haki mtu mmoja ajenge na mwingine azoe matope.

Sote tunakumbuka pia usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei, mwaka 2023, pale mafuriko na maporomoko ya ardhi yalipoua watu zaidi ya 130, hasa katika wilaya za Magharibi na Kaskazini kama Rubavu, Rutsiro, Karongi na Ngororero. Vyombo vya ulinzi na usalama vilishiriki katika uokoaji. Hatusemi kwamba mapaa ya mijini ndiyo yaliyosababisha msiba ule. Ulitokea katika milima ya mashamba na makorongo. Lakini somo lake ni moja kwa mji na kwa shamba: maji yasiyozuiliwa juu hayazuiliki chini.

Paa lenye majani husaidia vipi? Udongo wenye kina cha sentimita 10, ukiwa mkavu, waweza kushika milimita 20 au zaidi za mvua. Katika mfano wetu wa jengo moja, hiyo ni kama nusu ya maji yote. Mengine hushuka polepole, baada ya mkondo wa kwanza wa mitaroni kwisha kupita. Aidha, jua likichomoza, majani hukinga zege lisichomwe, na vyumba vya chini hupata ubaridi bila ya mashine. Jambo hili si dogo kwa jiji ambalo jina lake limepewa makubaliano ya mataifa ya Oktoba 2016 ya kupunguza gesi za kupozea zinazoongeza joto duniani.

Wenzetu wa nchi nyingine wamekwisha kutangulia. Mji wa Basel, huko Uswisi, uliweka sharti mwaka 2002 kwamba mapaa mapya yaliyo bapa yaoteshwe majani. Toronto, huko Kanada, ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2009 kwa majengo makubwa. Wala hatuna haja ya kuvuka bahari ili tuone mfano. Katika wilaya yetu ya Musanze, huko Kinigi, kituo cha utafiti wa sokwe cha Mfuko wa Dian Fossey, kilichofunguliwa mwaka 2022, kina mapaa yaliyooteshwa mimea ya asili ya nchi hii. Kwa hiyo si ndoto, na si mambo ya Ulaya peke yake.

Lakini, ndugu wasikilizaji, itakuwa ni kuwadanganya wananchi kusema kwamba paa la majani ni dawa ya kila ugonjwa. Kwanza, lina uzito. Udongo huo wa sentimita 10 ukilowa hufikia kilo 100 mpaka 150 kwa kila mita ya mraba. Juu ya jengo la mita 500 hizo ni tani 50 mpaka 75. Askari ajuaye uzito wa mzigo mgongoni baada ya mwendo wa kutwa atafahamu kwamba ukuta nao huchoka. Mtu asithubutu kupandisha udongo juu ya paa la mabati au jengo lililozeeka kabla mhandisi hajapima nguvu zake. Changarawe nyepesi ya volkano, inayopatikana katika maeneo yetu ya kaskazini, yaweza kupunguza uzito, lakini haiondoi haja ya kipimo.

Pili, udongo uliokwisha kulowa kwa mvua ya jana haushiki maji mengi ya mvua ya leo. Katika mwezi wa Aprili, mvua zinapofuatana, paa litachelewesha maji tu. Tatu, kiangazi cha kuanzia Juni hadi Agosti huua mimea isiyostahimili ukame. Nne, tundu la kutolea maji likiziba, maji yatatuama na kuzalisha mbu, na tutakuwa tumejenga kiwanda cha malaria juu ya vichwa vyetu.

Kwa sababu hizo, paa la majani ni lazima liende pamoja na kazi nyingine: matangi ya kukinga maji ya mvua, mitaro iliyo safi, miti katika miteremko, na zaidi ya yote kuheshimu mabonde yenye majimaji. Mabonde ndiyo sifongo kuu la jiji. Hifadhi ya Nyandungu, iliyofunguliwa mwaka 2022, imeonyesha kwamba bonde lililoharibiwa laweza kurudishiwa uhai wake, na tangu mwaka 2024 kazi kama hiyo imeelekezwa katika mabonde mengine, yakiwamo Gikondo na Nyabugogo. Kutengeneza bonde chini na kuachia maji yaporomoke kutoka juu ni kufanya kazi nusu.

Je, askari afanye nini? Jeshi na polisi wana kambi, maghala, ofisi na shule. Wana wahandisi. Wana pia nidhamu, nayo ndiyo mbolea ya kwanza ya paa la majani, kwa maana paa hilo hufa kwa uzembe kabla halijafa kwa jua. Jengo jipya linapochorwa, makamanda waulize mapema: maji ya paa hili yatakwenda wapi, na nani anakaa huko? Jengo la zamani lisiloweza kubeba udongo lipewe tangi. Na katika umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, askari anayezibua mtaro pamoja na wananchi anazuia ajali ambayo angeitwa usiku kuiokoa.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ulinzi wa raia haungoji adui mwenye bunduki. Huanza pia pale tone la kwanza la mvua linapogusa paa, tukiamua lipokelewe na jani au liachwe literemke na wenziwe kuivamia nyumba ya mnyonge.