HURUMA YA MUNGU NA DENI LA DINARI MIA

(Maneno yaliyosemwa na mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Buraza, Gitega, siku ya kuwakumbuka vijana wa Buta, tarehe 30 Aprili. Yanachapishwa kwa idhini ya Kamati.)

 

Kamati iliponiomba niseme neno juu ya huruma ya Mungu, nilijaribu kukataa. Nilisema Padre yupo, makatekista wapo, mimi kazi yangu ni hesabu. Mwenyekiti akanijibu kwamba Padre husema kila Jumapili. Safari hii wanataka kumsikia mtu anayepanga foleni bombani pamoja nao. Basi nimekuja na hesabu zangu.

Kwanza tuwakumbuke tuliokuja kuwakumbuka. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia Seminari Ndogo ya Buta, mkoani Bururi, wakafika hadi bwenini. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande wao na Watutsi upande wao. Wanafunzi wakakataa. Vijana 40 wakauawa, wakiwa wamechanganyika vile vile walivyokuwa wamelala. Padre Zacharie Bukuru, aliyekuwa mkuu wa seminari na akanusurika, ameandika kitabu juu yao. Wapo waliokata roho, husimuliwa, wakiwaombea msamaha waliowapiga risasi. Mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilifungua rasmi uchunguzi ili siku moja watangazwe wenye heri, na pamoja nao limo jina la Padre Michel Kayoya, yule mshairi, aliyeuawa Gitega mwaka 1972. Waliomuua Kayoya sio wale walioua Buta. Walikuwa wa upande mwingine. Nalisema hili kwa sababu hapa kambini kila mtu ana mwaka wake anaoukumbuka na mwaka wa mwenzake anaousahau.

Ndugu zangu, habari hii ya Buta tunaipenda sana, lakini nina hofu juu ya namna tunavyoitumia. Mjane akilia tunamwambia: watazame vijana wa Buta, wewe nawe samehe, yaishe. Anayesema hivyo mara nyingi ni mtu ambaye hakupoteza kitu. Anasamehe deni la mwenzake kwa mdomo wake mwenyewe. Hiyo siiti huruma, naiita kutaka usingizi. Wale vijana hawakusema kwamba hakuna aliyewakosea. Mtu haombewi msamaha pasipokuwa na kosa.

Hapa ndipo hesabu inaponisaidia. Mnaujua mfano ulio katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, wa mtumwa aliyesamehewa na mfalme talanta 10,000, kisha akamkaba koo mwenzake kwa dinari 100. Niliwapa wanafunzi wa darasa la sita swali hilo ubaoni. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Basi deni la kwanza ni dinari 60,000,000. Mtu akifanya kazi siku 300 kila mwaka, asile wala asivae, atalimaliza kwa miaka 200,000. Watoto walicheka sana. Mmoja akasema, huyo mfalme alikuwa anakopesha bila akili.

Wahubiri wengi huishia hapo: sisi tumesamehewa mengi, basi na tusamehe madogo. Lakini mwanafunzi mmoja wa kike aliendelea kupiga hesabu ya pili bila kuambiwa, akaniletea daftari: dinari 100 ni siku 100 za kazi. Zaidi ya miezi mitatu! Nilishtuka, maana nilikuwa nimeusoma mfano huu tangu utoto bila kuliona hilo. Ninyi mnaopokea posho mnajua miezi mitatu bila kulipwa ni nini. Yesu hakusema kwamba yule mwenzake alikuwa hadaiwi kitu. Aliliandika deni, akaliandika na kiasi chake.

Neno moja la lugha, kwa ajili ya wageni wetu Masheikh. Rehema limetoka katika Kiarabu, na undugu wake uko katika Kiebrania, ambako neno la huruma linatokana na neno la tumbo la uzazi la mama. Kila mtoto aliyelala humo ameliumiza na bado limembeba. Akina mama hawahitaji niwaeleze zaidi.

Sasa yangu mwenyewe. Baba yangu aliuawa Buraza mwaka 1993, katika siku zile zilizofuata kuuawa kwa Rais Ndadaye tarehe 21 Oktoba. Nilikuwa na miaka mitatu. Uso wake siukumbuki, nakumbuka koti tu. Mama alitukimbizia Muyinga kwa mjomba, na Kiswahili hiki nilikiokota pale sokoni. Nilisoma, nikamaliza chuo cha ualimu, nikafundisha, kisha mwaka 2015 nikakimbia tena, safari hii nikiwa na watoto wangu mwenyewe.

Hapa kambini yupo mzee mmoja wa kilimani kwetu. Mama aliniambia kabla hajafariki kwamba mtu huyo alikuwa miongoni mwa waliofika nyumbani siku ile. Mimi sikushuhudia, wala yeye hajawahi kutamka neno. Mjukuu wake yumo darasani kwangu. Nilijiambia kwamba sina chuki na mtoto. Nilikuwa nikimsalimia, na daftari lake nilisahihisha sawasawa na ya wengine.

Darasa langu lina watoto zaidi ya mia, kwa hiyo nina desturi ya kuweka alama kila ninapomwita mtoto ubaoni, ili nisiwapendelee wale wale wa mbele. Mwisho wa muhula nilijumlisha. Mstari wa mtoto huyo ulikuwa mtupu, kuanzia Septemba hadi Desemba. Si mara moja. Naye hunyoosha mkono kila siku! Nilikaa na kalamu mkononi hadi taa ikazimika.

Januari nilimwita. Alikuja akaandika jibu, likawa sahihi, kisha akabaki amesimama na chaki, kwa sababu hakujua kwamba aliyemaliza hurudi kukaa. Wenzake wakamcheka. Sikucheka.

Baada ya siku chache nilikuwa bombani, yule mzee akaja, akaweka ndoo yake chini nyuma ya yangu. Akasema, «Mwalimu, mtoto amesema aliitwa ubaoni.» Nikamjibu, «Ndiyo, Mzee.» Sikuwahi kumwita Mzee kabla ya hapo. Tukachota maji, kila mmoja akaenda zake.

Msidhani yamekwisha. Mambo ya 1993 bado nangoja ayaseme, na akiyasema sijui kama miguu yangu itanibeba. Ile dinari mia ipo. Ila mstari wa mtoto sasa una alama saba, na mzee naye huniachia nafasi kwenye foleni ninapokuwa nimechelewa shuleni. Jana nilikubali kuichukua nafasi hiyo.

Bwana Mwenyekiti, muda wangu umekwisha, na wanafunzi wa darasa la sita wako tayari kusoma majina 40. Naomba tusimame.