Sentimita Moja ya Ujazo
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya ufundi wa magari. Naomba nianze kwa kuungama. Mwaka 1974, nikiwa kidato cha pili, nilipika jibu la hesabu.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na Volkswagen 1200. Siku moja alituandikia ubaoni vipimo vya injini yake: silinda 4, kipenyo cha kila moja milimita 77, mwendo wa pistoni milimita 64. Tutafute ujazo. Kanuni ni ile ile ya mcheduara mliyofundishwa shule ya msingi: pai, mara nusu kipenyo kwa nusu kipenyo, mara kimo. Kimo hapa ni safari ya pistoni kutoka juu kabisa hadi chini kabisa. Kisha unazidisha kwa idadi ya silinda.

Kwa pai ya 22/7 nilipata 1192.6, yaani 1193. Lakini Jumamosi nilitumwa kuliosha gari lile, nikaiona kadi yake: 1192. Nikaona nimekosea. Nikafuta, nikageuza tarakimu za katikati mpaka zikaangukia 1192. Wenzangu walioandika 1193 walipata alama zote. Mimi nilipata sifuri, na chini yake maneno mawili: “Umepika hesabu.”

Sababu ya tofauti ile niliijua miaka mingi baadaye, kazini. 22/7 inazidi pai kidogo sana. Kanuni za Ulaya za kuidhinisha magari zinataka pai ichukuliwe kuwa 3.1416, na jibu likadiriwe hadi sentimita ya ujazo iliyo karibu. Fanyeni hivyo, mtapata 1192. Kumbe hakuna aliyekosea, wala mwalimu wala kadi, ila mimi.

Basi sikilizeni namba hiyo maana yake nini, maana hata wenye magari huikosea. Si kiasi cha petroli. Si nafasi yote iliyomo ndani ya silinda pia, kwa kuwa ile chemba ya juu, ambako mchanganyiko hubanwa na kuwaka, haihesabiwi. Huhesabiwa nafasi inayofagiwa na pistoni tu. Tena hakuna afisa aliyeifungua injini yako akaipima. Namba ya kwenye kadi imetokana na vipimo vya mtengenezaji. Ile ya nyuma ya gari ndiyo ya kutilia shaka zaidi: 1192 huitwa 1200, na kule Marekani Ford waliuza Mustang zenye 4942 wakazibandika 5.0, ingawa mwanafunzi yeyote hapa angekadiria 4.9.

Namba hii ina fedha ndani yake. Japani, kodi ya gari ya kila mwaka hupanda ujazo unapovuka 1000, 1500, 2000 na kuendelea. Ndiyo maana magari tunayoletewa kutoka huko yana 1497 au 1998. Wahandisi wale wamesimama ukingoni kwa makusudi.

Sasa nifike penye uzito. Injini ya Toyota iitwayo 3S ina kipenyo cha milimita 86 na mwendo wa milimita 86. Hesabu yake ni 1998. Ikichakaa tunachonga silinda na kutia pistoni za oversaizi. Nusu milimita tu, kipenyo kikawa 86.5, na ujazo unakuwa karibu 2022. Niliichonga moja hivyo. Baadaye mwenyewe akapata mnunuzi, akanijia nimwandikie barua kwamba injini ni 1998 “kama ilivyo kwenye kadi.” Alikuwa mteja wangu wa miaka mingi, na karo ya wanangu ilitoka kwa watu kama yeye.

Nilikaa na kalamu muda mrefu. Nikaandika: kiwandani 1998, silinda zimechongwa, kipenyo sasa 86.5, ujazo kwa hesabu, karibu 2022. Mnunuzi aliisoma, akasema atafikiri, hakurudi. Mteja wangu naye hakurudi tena gereji. Mke wangu aliniuliza kama sentimita 24 za ujazo zilistahili hasara ile. Sikuwa na jibu zuri la kumpa.

Vijana, nimewaletea bloku kuukuu la injini ya namna hiyo. Liko nje chini ya mwembe. Waombeni walimu wa fizikia vernia za maabara mkapime. Pimeni silinda yenyewe, si pistoni, kwani pistoni huwa nyembamba kidogo. Kama limechongwa au halijachongwa, sitawaambia. Na kadi yake nimeiacha nyumbani.