Kipimo Kwanza

Tangazo mmelisikia: dozi moja ya Herceptin, dawa ya saratani ya matiti, imeshuka kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000, na Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya, SHA, ndiyo itakayolipa. Ni habari njema. Lakini tuna swali moja: kipimo je?

Herceptin haitibu kila saratani ya matiti. Shabaha yake ni protini iitwayo HER2, inayokaa kwenye utando wa seli kama antena juu ya paa. Seli iliyoharibika kwa kawaida hujiua yenyewe. HER2 ikizidi, hupeleka amri ndani usiku na mchana: gawanyika, usife. Na seli haifi. Herceptin huishika antena hiyo kwa nje, huidhoofisha amri, na huita askari wa kinga ya mwili waje kuiua seli. Kati ya wagonjwa 100, wenye HER2 iliyozidi ni 15 hadi 20 hivi. Ni nani hao? Kipimo ndicho kinachojua.

Kinyama chembamba hutolewa titini kwa sindano, hutiwa kwenye chupa ya fomalini, kisha hupakwa dawa ya rangi maabara. Chini ya darubini, pete nzito ya kahawia ikiizunguka seli, Herceptin ina kazi. Rangi ikiwa ya wastani, lazima kipimo cha pili.

Sasa, chupa hiyo inakaa siku ngapi kwenye kaunti ikingoja gari? Jibu linangoja mpatholojia mmoja hadi lini? Hili tumelisema, na tunalirudia. Kipimo kikichelewa, dawa imechelewa. Kipimo kisipofanyika, dawa haipo, hata stoo ikijaa. Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Tumengoja vya kutosha.

Wizara ya Afya, ambatanisheni dawa na kipimo. Magavana, ajirini wapatholojia, nunueni vitendanishi. Nawe mama, nawe dada, ukiambiwa una saratani ya matiti, usitoke kwa daktari kabla ya kuuliza: HER2 yangu imepimwa? Majibu yako wapi? Mume, muulizie mkeo. Binti unayemsindikiza mama yako, uliza. Ukiambiwa rudi kesho, rudi kesho, uulize tena.

Bei imeshuka. Kipimo kwanza.