Mtani Msibani

Msikilizaji, kila Simba na Yanga zinapokutana uwanjani, mtangazaji hasahau maneno matatu: watani wa jadi. Yanga ilianzishwa 1935, Simba mwaka uliofuata, na hadi leo shabiki wa timu iliyofungwa anajua Jumatatu asubuhi kazini kutakuwa na shughuli. Atachekwa, ataimbiwa, atapewa pole zisizo na huruma. Akikasirika, ndiyo amezidisha.

Neno utani, hata hivyo, halikuzaliwa uwanjani. Lina historia ndefu ya vita, misafara na makaburi, na wanaanthropolojia, yaani wachunguzi wa namna watu wanavyoishi pamoja, wamelifuatilia kwa miongo mingi.

Mmoja wa walioandika mapema juu ya utani wa Tanganyika hakuwa hata mwanaanthropolojia. Alikuwa mtaalamu wa ndege. Mwingereza Reginald Moreau alifika mwaka 1928 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, milima ya Usambara, na jina lake limebaki kwa aina moja ya chozi, kale kandege kanakofyonza maua, anayeishi katika milima ya mashariki mwa Tanzania. Lakini sikio la Moreau halikuishia kwenye milio ya ndege. Mwaka 1941, na tena 1944, alichapisha makala kuhusu makabila yanayotaniana. Alitaka kujua nani ni mtani wa nani, na kwa sababu gani.

Jibu lililojitokeza lilikuwa la kushangaza. Mara nyingi watani ni wajukuu wa maadui.

Chukua Wangoni na Wahehe. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakapigana njia nzima hadi kutua Songea. Kuanzia 1878, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1880, walipambana na Wahehe, na hakuna upande uliofaulu kuumeza mwingine. Leo Mngoni na Mhehe wakikutana kwenye basi, wanaweza kurushiana maneno ambayo mtu baki akiyasema patachimbika. Wao wanacheka.

Njia nyingine ya utani ilikuwa barabara yenyewe. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, safari ya wiki nyingi katikati ya nchi za watu. Njiani walihitaji maji, chakula, pa kulala, na mtu wa kumzika mwenzao akifa kabla ya kufika pwani. Mgeni asiye na ndugu angemwomba nani? Mtani alikuwa jibu: si ndugu, si adui, lakini anaweza kuingia uani kwako, akachukua kuku, na usimshitaki, kwa kuwa zamu yako nawe itafika.

Zama hizohizo za Moreau, huko Oxford, Profesa A. R. Radcliffe-Brown alikuwa akiutazama utani kwa jicho jingine. Katika makala yake ya 1940 aliuanza utani kutoka nyumbani. Mtu anapooa, alieleza, anaunganishwa na ukoo mgeni, lakini bado si mmoja wao. Hapo penye kuungana na kutengana kwa pamoja, ugomvi uko karibu. Kuna njia mbili za kuuzuia. Ya kwanza ni heshima iliyopita kiasi, ndiyo maana katika jamii nyingi mwanamume humkwepa mama mkwe wake. Ya pili ni mzaha ambao ni mwiko kuukasirikia, ule wa shemeji. Msikilizaji aliyewahi kumsikia bibi akimwita mjukuu wake “mume wangu” anaujua mzaha wa aina hiyo tangu utotoni.

Basi profesa alieleza utani unafanya kazi gani, nayo historia ya vita na misafara ya Tanganyika inaeleza ulikotoka. Maelezo hayo mawili yanahitajiana. Bila historia, hakuna anayeweza kusema kwa nini Mngoni anamtania Mhehe.

Miaka ya 1950 mwanaanthropolojia Clyde Mitchell aliukuta mzaha kama huo mjini. Katika machimbo ya shaba ya Luanshya, nchi ambayo sasa ni Zambia, vijana wa Kibisa walicheza ngoma ya kalela siku za Jumapili. Walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong’aa, mmoja wao akiwa “daktari” mwenye kanzu nyeupe. Ngoma hiyo ilikuwa na undugu na beni, ile iliyoanzia pwani yetu ya Afrika Mashariki. Nyimbo zake ziliwasifu Wabisa na kuyakejeli makabila mengine, na watu wa makabila hayohayo walisimama pale wakitazama na kucheka. Mitchell aliandika kwamba mjini, mahali palipojaa wageni, kabila lilikuwa limegeuka kipimo cha haraka cha kujua umchukulieje mtu usiyemfahamu.

Lakini utani una mpaka. Unasimama kwa miguu miwili: ninakutania, unanitania. Bosi anayelikejeli kabila la mfagizi wake, naye mfagizi hawezi kumjibu kwa kuhofia kibarua chake, hataniani na mtu. Hayo ni matusi yaliyovaa nguo ya utani.

Mahali ambapo utani huonekana kwa ukamilifu wake ni msibani. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, aliishi Bunju, kaskazini ya Dar es Salaam, katika miaka ya 1960, na kitabu chake cha 1970 kinahusu mila na ishara za Wazaramo. Kwa Wazaramo, kama kwa majirani zao wengi, mtani ana kazi maalumu kwenye kifo. Wafiwa wamelemewa, mikono yao haina nguvu. Mtani hufika akiwa amevaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake, kikohozi chake, hata ubahili wake, mpaka mjane anajikuta anacheka huku machozi yanamtiririka. Pengine huruka ndani ya kaburi lililo wazi na kulala humo, akiapa kwamba hatoki mpaka alipwe. Jamaa hulalamika, hupatana bei, huchanga sarafu na noti. Kisha mtani hutoka, hujikung’uta udongo, na kushika sepetu pamoja na wengine.