Tusikilize Kwanza: Jirani Anapotueleza Alivyobadili Dini

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kipevu)

Tunajua leo ni siku ya maji na wengine mmeacha mitungi kwenye foleni, kwa hivyo hatutawachosha.

Tumeombwa tuzungumze juu ya ziara za majirani. Wanajumuiya na wanakikundi wamekuwa wakipita nyumba hadi nyumba, kuangalia wagonjwa, wazee walio peke yao na watoto wasiokwenda shule. Kazi hiyo ni njema. Lakini imeleta jambo ambalo hatukulipangia. Watu wanapoona mmeketi kweli, hamna haraka, wanaanza kuwaeleza mambo ya moyoni. Na moja linalotokea mara nyingi ni hili: jinsi mtu alivyotoka dini moja akaingia nyingine. Wageni wanarudi wakiuliza, "Sasa tufanye nini na maneno haya?" Tujaribu kujibu kwa njia yetu ya siku zote: kuona, kuamua na kutenda.

KUONA

Kipevu si kijiji cha ukoo mmoja. Bandari, mitambo ya umeme na gati la mafuta vimevuta watu kutoka kila upande. Hata jina la Changamwe ni la taifa mojawapo la Mataifa Matatu ya Waswahili wa Mombasa, pamoja na Wakilindini na Watangana. Juu ya wenyeji hao wakaja Waduruma, Wadigo, Wagiriama, Wataita, Wakamba, Waluo, Waluhya. Nyumba moja ya vyumba sita, choo kimoja, ina dini tatu. Watu wanaoishi hivyo wataoana, watauguziana, watazikana. Basi wengine watabadili dini. Tusishangae.

Tuwaeleze ziara moja. Jina la mwenyewe hatulitaji, lakini ameturuhusu kusema habari zake. Ni mama mwenye umri wa miaka sitini hivi, anauza mahamri na mbaazi asubuhi. Tulipiga hodi tukiwa wanne. Alipoona rozari shingoni mwa mmoja wetu, akacheka, akasema, "Mimi pia nilikuwa nayo hiyo. Kaeni basi niwaambie."

Alizaliwa Taita, akabatizwa, akaja Mombasa kijana kukaa na shangazi. Aliolewa, mume akamwacha, akabaki na mtoto mchanga mgonjwa katika chumba cha kupanga. Chumba cha pili alikaa bibi mmoja Mwislamu. Bibi yule alikuja kila siku baada ya alasiri. Alifagia, alipika uji, alimshika mtoto ili mama alale. Mtoto alipofariki, bibi ndiye aliyemwosha. "Mwaka mzima," mama akatuambia, "hakunitajia dini hata siku moja. Mimi ndiye niliyemwuliza, hivi wewe unaniona nani? Akaniambia, jirani." Baadaye mama yule akasilimu. Hakuna mume aliyemsilimisha, na hakupewa pesa.

Sasa sikieni yaliyofuata. Ndugu zake walikata mguu. Mama yake mzazi alipofariki, alisafiri mpaka nyumbani, na pale kaburini akazuiwa kutia udongo. Alikuwa pia katika chama cha mzunguko cha akina mama, si kimoja cha hivi vyetu, cha mtaa mwingine. Alikuwa ametoa shilingi 200 kila mwezi kwa miezi 14, yaani shilingi 2,800, na zamu yake ilikuwa bado. Alipofika kikaoni amevaa buibui, aliambiwa chama ni cha Wakristo, jina likakatwa. Pesa hazikurudi.

Mmoja wetu akataka kuanza sala ya kumrudisha. Mama akamgusa mkono kwa upole, akasema, "Mwanangu, sikuwaita mniombee nirudi. Nataka mambo mawili. Nisaidieni nipate haki yangu ya chama. Na siku nikifa, nyinyi na wale wa msikitini msigombanie maiti yangu."

Upande wa pili wa mtaa huohuo tuna kijana aliyelelewa Kiislamu. Alisoma ukatekumeni miaka miwili, akabatizwa usiku wa Pasaka. Baba yake hasemi naye. Lakini mama yake, kila Idi, humwekea sahani yake ya pilau na kumtuma mdogo wake amwite. Kijana anasema sahani ile ndiyo inayomfanya asiwachukie wa kwao.

Ndugu zangu, mmeona? Wawili hawa wamepishana njiani, mmoja akienda huku, mwingine kule, na wote wawili wameumizwa na watu walewale: wale walio karibu nao. Na walioziba jeraha ni wale walioleta uji na pilau.

Mambo haya si mageni pwani yetu. Mfalme Yusuf bin Hasan wa Mombasa alikuwa mtoto baba yake alipouawa, na Wareno walikuwa na mkono katika kifo hicho. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na mapadre Waagustino, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo. Alirudishwa kuwa mfalme. Lakini uchungu wa baba yake nani aliusikiliza? Ikasemekana alionekana akisali kwenye kaburi la babake. Agosti 1631 aliingia Ngome ya Yesu, akamwua kapteni wa Wareno, akarudia Uislamu, na Wakristo waliokataa kumfuata wakauawa, Waafrika wenzetu wakiwamo. Hao tunawaita Mashahidi wa Mombasa. Tunawaheshimu kwa haki. Lakini tujifunze pia kwamba dini iliyofuatana na ubavu wa mtawala haikuleta amani kwa yeyote.

Tazameni Rabai. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mke wake hapa mwaka huohuo. Yeye na Rebmann walihubiri miaka na miaka, wakapata waamini wa kuhesabu kwa vidole. Mmoja wa kwanza kabisa, Mringe, alikuwa mlemavu, mtu ambaye wengine hawakumhesabu. Tena tazameni Frere Town kule Kisauni, iliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa. Mpaka leo mahali pale tunapaita Kengeleni, kwa sababu ya kengele ya misheni. Waliobatizwa pale walihitaji imani, na walihitaji pia shamba, chakula na usalama. Mahitaji na imani vilikuwa ndani ya mtu mmoja, kama ilivyo kwa jirani zetu leo. Kwa hivyo tusiwe wepesi kusema, "Huyu alifuata tumbo." Mungu ndiye ajuaye moyo.

KUAMUA

Kanisa linasema nini? Baraza la Pili la Vatikano, katika tamko la tarehe 28 Oktoba 1965, liliwataja Waislamu kwa heshima na kutuhimiza tuache ugomvi wa zamani, tufanye kazi pamoja kwa haki na amani. Tarehe 7 Desemba mwaka huohuo likatamka kwamba mtu asishurutishwe katika mambo ya dini. Hati juu ya kazi ya kimisionari, ya siku hiyohiyo, inakataza kumlazimisha mtu aamini au kumvuta kwa hila, na inatetea pia haki ya mtu asitishwe ili aache imani yake. Ndugu Waislamu nao watawaambia kwamba Kurani inafundisha kuwa dini haina kulazimishana.

Hatusemi Mkristo afiche imani yake, wala Mwislamu afiche yake. Akiulizwa, ajibu. Bibi yule wa jirani aliulizwa, akajibu. Lakini alikuwa amefagia mwaka mzima kwanza.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 9, Anania alitumwa kumtembelea Sauli. Aliogopa, maana alijua sifa za mtu yule. Hata hivyo alikwenda, akaingia ndani, akamwita ndugu. Na kule Yerusalemu wote walipomkwepa Sauli, ni Barnaba aliyemshika mkono na kueleza habari zake. Mtu aliyebadilika anahitaji Anania wa kumwendea na Barnaba wa kumsimamia mbele ya kikundi.

Sheria ya nchi nayo? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini. Kifungu cha 170 kinasema Mahakama ya Kadhi inaamua mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Kwa hivyo mtu anapobadili dini, ndoa na urithi vinaweza kuguswa. Asikisie, aulize mapema kwa anayejua sheria.

Lakini kusikiliza si kufumba macho. Aprili 2023, jirani zetu hapa Kilifi, katika msitu wa Shakahola, ilianza kufukuliwa miili iliyozidi 400. Waliokufa waliongozwa wafunge mpaka wafe, wakiahidiwa kukutana na Yesu. Nao walikuwa na majirani. Tofauti tunaionaje? Mama wa mahamri bado anauza mahamri, anasema na kila mtu, anakumbuka mama yake kwa machozi. Mtu anayeambiwa auze kila kitu, atoe watoto shuleni, akatae hospitali na asiongee na jamaa zake, huyo yuko hatarini, dini iitwe jina lolote. Hapo mwoneni chifu bila kuchelewa. Kama kuna mtoto, simu ya kusaidia watoto ni 116, na haina malipo.

KUTENDA

Tunapendekeza haya:

1. Nendeni wawili au watatu, mke na mume, si kundi kubwa. Msiende na chakula mkononi na kitabu cha dini kwapani kwa siku moja. Msaada usiwe chambo.

2. Mtu akieleza alivyobadili dini, msimkatize. Mwulizeni swali moja: "Na sasa unahitaji nini kwetu?" Mengine yanaweza kungoja.

3. Alichosema kisitoke nje bila ruhusa yake. Habari ya namna hii ikifika bombani kabla ya jioni, mnaweza kumvunjia mtu ndoa.

4. Fungueni katiba ya kikundi chenu. Sheria ya mwaka 2022 ya kusajili vikundi vya kijamii inataka kila kikundi kiwe na katiba. Andikeni wazi: mwanachama akibadili dini, uanachama wake, akiba yake na zamu yake vinabaki vilevile. Akitaka kutoka mwenyewe, alipwe chake, na mweka hazina aandike tarehe.

5. Mkiwa na Waislamu, waulizeni juu ya mikopo yenye riba kabla ya kuipitisha. Mzunguko usio na riba unafaa kila mtu. Vikao visigongane na Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi, na chakula cha kikao kiwe kile ambacho wote wanaweza kula.

6. Juu ya mazishi, kila mwanachama aseme akiwa hai anataka kuzikwa vipi, aandike, atie sahihi mbele ya watu wawili, na jamaa waambiwe. Mwislamu huzikwa upesi, mara nyingi siku ileile. Mfuko wa kikundi uwe tayari kutoa pesa siku hiyo, usingoje mkutano wa Jumamosi. Karatasi haimalizi kila ubishi, lakini inasaidia. Mnakumbuka wakili S. M. Otieno? Alifariki Desemba 1986, na kwa kesi ya nani amzike, hakuzikwa mpaka Mei 1987. Miezi mitano! Masikini atagharamia nini?

Mtauliza yule mama aliishia wapi. Wazee wawili, mmoja wa kanisani na mmoja wa msikitini, walikwenda pamoja kwa viongozi wa chama kile. Hawakwenda kugombana, walibeba daftari lake la michango. Amelipwa shilingi 1,800 kwa mafungu mawili. Bado shilingi 1,000, na wazee hawajachoka kwenda. Karatasi yake ya mazishi imeandikwa, na shahidi mmoja ni Mkristo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, kuna mtu aliyewahi kutoka katika kikundi chetu kwa sababu ya dini? Tunamdai, au anatudai?

2. Katiba yetu inasema nini juu ya akiba ya mwanachama anayebadili dini?

3. Mwanachama akifariki leo usiku, tunajua alitaka kuzikwa vipi, na pesa za mfuko zinaweza kutoka saa ngapi?

4. Ni jirani gani ambaye hatujampigia hodi mwaka huu? Nani atakwenda, na lini?

Swali la nne lijibiwe kabla hamjaondoka hapa, na katibu aandike majina.