KUPIMWA DAMU NI BURE, LAKINI SIKU YA KAZI SI BURE

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama, Nairobi)



Leo sisemi habari ya mishahara, ingawa maneno yangu yanagusa mshahara. Nasema habari ya UKIMWI, na hasa swali hili: kwa nini wanaume wa kazi huchelewa kupimwa?

Mwaka 2018 serikali ilifanya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba. Katika kila wanawake 100, virusi vilionekana kwa 6.6; katika wanaume 100, kwa 3.1. Basi wengine wakadhani wanaume tu salama. Lakini katika kila wanawake 100 wenye virusi, 83 walijua hali yao. Wanaume ni 73 tu. Mwanamke hupimwa aendapo kliniki ya wajawazito. Sisi hatuna mlango kama huo; wengi hungoja mpaka waanguke.

Wako wasemao kwamba tu waoga. Woga upo, sikatai. Lakini tazameni saa pia. Mtu wa Kawangware au Kangemi hutoka alfajiri kuwahi kazi mjini, na kurudi ni usiku. Kliniki nyingi hufanya kazi mchana. Dawa za virusi hutolewa bure katika hospitali za serikali, bali kwa kibarua anayelipwa kwa siku, asubuhi moja kwenye foleni ni unga wa watoto. Mwenye mshahara wa mwezi huko Westlands huomba ruhusa, na mshahara wake hauguswi. Ugonjwa ni mmoja, gharama ni mbili.

Na faida ya kupimwa ni kubwa. Anayemeza dawa kila siku, virusi vikapungua hata visionekane kwenye vipimo, hufanya kazi miaka mingi, wala hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Kwa hiyo naomba mkutano ukubali mambo matatu.

Kwanza, tudai kwamba saa za kupimwa na kuchukua dawa zihesabiwe kuwa saa za kazi, kwa vibarua pia.

Pili, halmashauri ya tawi iwaendee wakuu wa afya wa kaunti, iombe kliniki ya jioni karibu na stesheni. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada mingi, vituo kadha vilifungwa. Tusikae tukingoja wageni.

Tatu, siri ilindwe. Sheria ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ili apate kazi, na inakataza kumfukuza kwa sababu ya virusi tu. Kila mwanachama aijue. Asiyependa foleni aweza kujipima mwenyewe. Vipimo hivyo vilianza kutolewa Kenya mwaka 2017. Kikionyesha virusi, aende kliniki apimwe tena ili ahakikishwe.

Ndugu zangu, haki ya afya isiyo na saa ya kuitumia ni haki ya karatasi. Nawaombeni mnyoshe mikono kwa mambo haya matatu.

Umoja ni nguvu.