Kijinzi cha Ndizi Mbivu



Ndugu zangu vijana, na wazazi mlio nasi. Mwezi huu matunda hayakosi majumbani, na penye ndizi mbivu hapakosi vile vijinzi vidogo. Mama aliposikia kuwa chuoni tunasoma habari zao aliniuliza, "Mwanangu, karo yote hii ni ya nzi?" Leo namjibu, nawe msomaji unisikilize.

Yai la kijinzi hicho lina urefu wa nusu milimita hivi. Penye joto la nyuzi 25, huangua buu kwa muda wa siku moja tu. Ndani ya saa hizo neva za hisia huota kutoka ukutani mwa mwili hadi kwenye mshipa mkuu wa fahamu. Sasa jiulize: neva haina macho, yajuaje pa kusimama?

Katikati ya mshipa ule kuna seli zinazotoa protini iitwayo Slit, ambayo kazi yake ni kufukuza. Neva zinazopima kunyooka kwa mwili huongozwa na jeni iitwayo atonal. Kwa amri ya atonal, jeni nyingine, robo3, hutengeneza kipokezi cha kuitambua Slit. Basi neva hizo husimama mbali kidogo na katikati. Neva nyingine, zenye matawi mengi chini ya ngozi, hazitumii robo3, kwa hivyo husogea karibu zaidi. Watafiti wa Cambridge, Uingereza, walilionyesha jambo hili mwaka 2003.

Je, yatuhusu nini sisi? Binadamu pia ana jeni za ukoo huo. Mwaka 2004 iligunduliwa kuwa ROBO3 ikiwa na kasoro, neva fulani za ubongo hazivuki kwenda upande wa pili. Mtoto huyo hawezi kugeuza macho kulia wala kushoto, na uti wa mgongo hupinda kadiri anavyokua. Kasoro hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, nao wenyewe ni wazima.

Kwa hivyo ukimwona mtoto wa namna hiyo mtaani, usikimbilie kusema karogwa, wala usimnyooshee mamake kidole. Waambie wampeleke kwa daktari mapema, mgongo uangaliwe.

Mama, karo yako haikupotea.